Kuinua sakafu ya sainasi kwa tundu dogo: jino lilishika, ila mgonjwa akaamka chumba kinazunguka

Kwanini nakiandika kisa hiki

Nakiandika kwa wenzangu wanaopandikiza meno, na pia kwa mgonjwa yeyote aliyeambiwa "mfupa wako wa juu hautoshi, tutainua sainasi kidogo tu, hatufungui dirisha, ni tundu dogo". Upasuaji wenyewe ulienda vizuri na jino lipo mpaka leo. Kilichoharibika hakipo mdomoni kabisa, kipo sikioni, na mimi ndo nilikisababisha kwa nyundo, alafu nikachukua siku 3 nzima kukitambua wakati mgonjwa alishaniambia kila kitu kwenye simu ya kwanza. Mgonjwa ameridhia kisa chake kitumike kufundishia, na vitu vidogovidogo ambavyo vingemtambulisha nimevitoa au nimevibadilisha.

Mgonjwa na mfupa wake

Mama wa miaka 50 na kitu, kazi yake ni ya kukaa mezani, havuti sigara, hana kisukari, presha yake inatulia kwa kidonge kimoja kwa siku. Gego la kwanza la juu kulia, lile tunaloliita namba 16, lilitolewa miaka kama 6 nyuma baada ya mzizi kupasuka. Kushoto nako kuna pengo ila hilo alisema lisubiri. Alichotaka ni jino ambalo halitolewi usiku na kuwekwa kwenye glasi, na daraja alilikataa kwasababu hakutaka tumsage meno mawili mazima ya pembeni, hapo nilikubaliana naye.

Kwa asiyejua, juu ya magego ya juu kuna chumba cha hewa ndani ya mfupa, ndo sainasi ya taya. Jino likitoka mambo mawili yanaenda pamoja, ukingo wa mfupa unalika kutoka chini na chumba nacho kinatanuka kushuka, kwahiyo mtu aliyekaa miaka na pengo anabaki na kipande chembamba cha mfupa katikati ya fizi na hewa. Chumba hicho kimetandikwa utando unaoitwa utando wa Schneider, ukiwa mzima mara nyingi haufiki hata milimita 1. Wengi wetu tulijifunza kwa yai bichi, unakwangua ganda mpaka liishe huku ile ngozi ya ndani ibaki haijachanika, na kwa kweli hakuna mfano mzuri kuliko huo. Kuinua sainasi maana yake ni kuusogeza utando huo juu bila kuutoboa ili chini yake implanti (skrubu inayobeba jino la kupandikiza) ipate nafasi na mfupa mpya uote.

Tulimpiga CBCT, ile sikani ya 3D. Urefu wa mfupa uliobaki ulikuwa milimita 5.6, upana 8 na kidogo, hakuna ukuta wa mfupa unaokatiza ndani ya chumba eneo lile (hizo kuta zipo kwa watu wengi na zinasumbua sana). Vitu viwili vilinivuta macho. Cha kwanza utando ulikuwa umevimba, milimita 3 hivi, na alipoulizwa vizuri akasema pua imekuwa ikiziba kwa wiki kadhaa. Cha pili, sakafu yenyewe ya sainasi ilikuwa mstari mweupe mnene, kama milimita 1.5 ya mfupa mgumu. Hicho cha kwanza nilikishughulikia, hicho cha pili nilikiona, nikakipima, nikakiandika kwenye faili, na sikukitumia kuamua chochote. Nitarudi hapo.

Kwa ile pua nilimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ikaonekana ni aleji, akatibiwa, tukarudia sikani ya eneo dogo tu baada ya miezi 3 na utando ulikuwa umeshuka karibu milimita 1 na lile tundu la sainasi la kumwagia uchafu puani liko wazi. Mgonjwa hakufurahia kusubiri, lakini ukiinua utando ndani ya chumba ambacho hakitoi maji yake vizuri unatengeneza mtego wa usaha, kwahiyo hapo sijutii hata siku moja.

Njia zilizokuwepo

Kufungua dirisha pembeni ya taya ndo njia ya zamani zaidi, Tatum aliionyesha miaka ya 1970 na Boyne na James wakaichapisha 1980. Ni njia nzuri, unaona utando kwa macho, unaweza kuinua hata milimita 10. Ila inamwachia mgonjwa uvimbe wa shavu, na kwa mtu mwenye milimita 5.6 anayehitaji nyongeza ya milimita 2 au 3 tu ni kazi kubwa kuliko tatizo. Implanti fupi ya milimita 6 niliifikiria pia, lakini nayo ingeishia kugusa sakafu ileile, kwahiyo kuinua kidogo kusingeepukika.

Ikabaki njia ya kupita kwenye ukingo wenyewe, tundu lilelile la implanti ndo linatumika kuinulia. Hii Summers aliiandika 1994 kwa kutumia osteotomu, vyuma vyembamba vya duara ambavyo ncha yake imebonyea ndani kidogo, unaanza na chembamba unapanda hadi kinene, unavigonga kwa nyundo ndogo, mfupa unasindiliwa pembeni na mwishoni sakafu inavunjika na kupanda na utando wake. Baadae zikaja njia nyingine za kupita hapohapo, drili zinazozungushwa kinyume zikiusindilia mfupa bila kugonga, maji ya msukumo, baluni ndogo, ncha zinazotikisika kwa mawimbi ya sauti.

Sasa niseme ukweli, kwenye droo yangu siku ile kulikuwa na osteotomu na kulikuwa na drili za kuzungusha kinyume, zote mbili, safi, zimeshachemshwa. Nilichagua nyundo. Sababu niliyoandika kwenye faili ni "mfupa wa nyuma ya taya la juu huwa laini, osteotomu itaubana vizuri". Sababu halisi ni kwamba ndivyo nilivyofundishwa na sikio langu limezoea ile sauti, ukigonga kwenye mfupa laini inasikika tok, tok, alafu ukifika sakafuni inakuwa kali zaidi kama unagonga jiwe, na sakafu ikiachia sauti inazama ghafla na mkono unaisikia kabla hata hujafikiri. Naipenda ile taarifa ya mkononi. Na ni taarifa ya kweli, ila ni taarifa kwa ajili yangu mimi, kichwa kinachopokea yale mapigo ni cha mtu mwingine.

Siku yenyewe

Kiti kililazwa karibu sawa na sakafu, kichwa kimerudishwa nyuma sana na kugeuzwa kushoto ili nione gego la juu kulia. Mkao huo ni wa kawaida kabisa kwa daktari wa meno, naomba uukumbuke tu. Ganzi ikashika, nikafungua fizi kidogo juu ya ukingo, kama sentimita 1, drili ya milimita 2 hadi kina cha milimita 4.5, pini ndani, eksirei ndogo, tumebakiza milimita 1 hivi chini ya sakafu. Nikapanua mpaka 2.8. Hapo mkono ulishaniambia mfupa huu sio laini kama nilivyotegemea, drili ilikuwa inauma na vipande vinatoka vigumu vigumu, na mtu mwenye akili iliyotulia angesimama hapo akabadilisha chombo.

Mimi nikachukua osteotomu ya kwanza. Pigo la kwanza hadi la kumi hamna kitu. Nikaongeza nguvu. Mgonjwa alikuwa amefumba macho kwa nguvu na vidole vyake vimekaza kwenye mikono ya kiti, nikamuuliza "mama, uko sawa?" akanyanyua dole gumba. Nikaendelea. Hakuna aliyemshika kichwa, msaidizi wangu alikuwa na mikono miwili imejaa, sakshen na kioo, kwahiyo kila pigo lilienda moja kwa moja mpaka kwenye fuvu bila kitu cha kulipunguza. Ukichanganya na kupumzika katikati tuligonga kwa dakika kama 10. Idadi ya mapigo siijui kwasababu sikuhesabu, na kutokuhesabu nako ni sehemu ya kisa.

Sakafu iliachia vizuri. Sauti ikazama, chuma kikaingia milimita 1 na nikasimama hapohapo. Nikamwambia apulize taratibu puani huku nimembana pua, nikaangalia tunduni kwa kioo, hakuna povu, kioo hakikupata ukungu, damu imetulia. (Hicho kipimo nakifanya kwa upole mno, ukimwambia mtu apulize kwa nguvu unaweza kuuchana wewe mwenyewe utando uliokuwa mzima.) Nikaweka unga wa mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, kidogo kidogo, jumla haikufika nusu ya mililita, nikiusukuma kwa osteotomu pana ili unga ndo uinue utando badala ya chuma. Implanti ya milimita 8 kwa 4.8 ikaingia, ikakaza kwenye torki (nguvu ya kukazia) ya 30. Eksirei ya mwisho ilionyesha kilima kidogo cheupe juu ya ncha ya implanti, mviringo mzuri bila unga uliotawanyika. Nyuzi 2. Tangu ganzi mpaka uzi wa mwisho dakika 50.

Nikabonyeza kitufe kiti kikainuka mpaka juu kwa mkupuo mmoja. Akashika mikono ya kiti, akasema "subiri kidogo daktari." Akakaa kama nusu dakika anaangalia sehemu moja ukutani. Nikamwambia ni kwasababu umelala muda mrefu. Akaitikia, akashuka, nikampa maelekezo ya kawaida, usipenge kamasi wiki 2, ukipiga chafya fungua mdomo, usinywe kwa mrija, usipande ndege mpaka tukuone, dawa ni hizi na hizi. Kuhusu kizunguzungu sikutaja hata neno moja. Haikuwepo kwenye karatasi ya maelekezo, na kwenye fomu ya ridhaa nayo haikuwepo.

Simu

Kesho yake asubuhi alipiga. Nayakumbuka maneno yake vizuri: "Daktari jino haliniumi kabisa, ila nikigeukia kulia kitandani chumba chote kinazunguka, nashika godoro nisianguke, alafu kinaacha chenyewe."

Kila kitu kipo kwenye sentensi hiyo. Kinaanzishwa na kugeuka, upande maalum, kinazunguka kwelikweli na sio ule ulegevu wa kuona giza, na kinaacha chenyewe. Mtu wa masikio angemaliza kazi kwenye simu. Mimi nilisikia neno "kizunguzungu" nikaenda moja kwa moja kwenye presha na dawa, nikamwambia apime presha, ikawa sawa, nikamwambia asinywe dawa ya maumivu tumbo likiwa tupu. Siku ya pili nikambadilishia dawa ya maumivu. Siku ya tatu akapiga akisema ametapika mara 2 akijaribu kuinama kuchukua kitu chini, na hapo ndo nikashtuka, lakini hata kushtuka kwenyewe kulikuwa kwa ajili ya unga wangu, maana kutapika kunapandisha msukumo ndani ya sainasi na utando bado mbichi. Nikamwambia aje.

Alikuja ameshikwa mkono na binti yake, anatembea kama mtu anayebeba ndoo ya maji iliyojaa, shingo haigeuki. Kidonda kilikuwa kizuri ajabu, fizi imefunga, hakuna uvimbe. Nikalaza kiti ili nione vizuri zaidi kwa kioo na kichwa nikakigeuza kidogo kuelekea kwangu, yaani kulia. Zikapita sekunde kama 4 au 5 hamna kitu. Kisha macho yakaanza. Yalikuwa yanaruka kuelekea juu huku yanajizungusha, haraka, kama yanajaribu kusoma kitu kinachokimbia, na yeye akanishika koti kwa mikono yote miwili akisema "hicho, ndo hicho, kimekuja". Ilidumu sekunde 20 hivi, ikapungua, ikaisha. Binti yake alikuwa amesimama pale mlangoni ananiangalia mimi.

Nikampigia yuleyule daktari wa masikio, pua na koo aliyemtibu pua. Nikamweleza nilichoona, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, ulitumia nyundo?"

Kilichokuwa sikioni

Ndani ya sikio, kwenye sehemu ya usawa wa mwili, kuna chembechembe ndogo sana za chokaa, kalsiamu kabonati, zimelala juu ya kitu kama uji mzito. Zikishtuliwa zinaweza kung'oka na kuingia kwenye mojawapo ya mifereji mitatu inayopima mzunguko wa kichwa, mara nyingi ule wa nyuma. Zikiwa humo kila ukigeuza kichwa zinasukuma maji ya mfereji na ubongo unaambiwa unazunguka wakati umelala. Hicho ndo kizunguzungu cha mkao, kwa kifupi BPPV. Hakiui, hakiharibu usikivu, ila kinatisha vibaya sana na mtu mzima anaweza kuanguka akavunjika nyonga.

Sasa rudi kwenye siku ya upasuaji. Mapigo ya nyundo yanapita kwenye mfupa mpaka kwenye fuvu na kuzing'oa zile chembe, alafu kichwa kimerudishwa nyuma na kugeuzwa, mkao unaozisaidia kuteleza mpaka kwenye ule mfereji wa nyuma. Vyote viwili nilivitoa mimi, kwa pamoja, kwa dakika 10. Jambo hili limeandikwa kwenye majarida ya meno na ya masikio tangu zamani kuhusu hiihii njia ya osteotomu, sio ugunduzi wangu. Nililisoma siku za masomo, nikajibu mtihani, likabaki huko.

Daktari wa masikio alimfanyia kipimo cha kumlaza haraka kichwa kimegeuzwa nyuzi 45 na kuning'inia kidogo nje ya kitanda, kulia kikajibu, kushoto hakuna kitu. Kabla ya hapo alimkagua vitu ambavyo mimi sikuvigusa hata kwa maneno: anaona kitu kimoja kama viwili? Ulimi mzito? Uso umelegea upande? Mkono au mguu umepoteza nguvu? Anaweza kusimama mwenyewe? Maana kizunguzungu kinaweza kutoka kwenye ubongo, na mama mwenye presha na miaka yake ile hiyo ni hatari ya kweli, na mimi nilimwacha siku 3 bila hata kuuliza.

Kisha akamfanyia mzunguko wa Epley, kichwa kinapelekwa upande mbaya, unasubiri, kinageuzwa upande wa pili, unasubiri, mwili unafuata mpaka uso unaangalia chini, alafu anainuliwa kukaa. Nilikuwa na wasiwasi na kilima changu cha unga kichwa kikiwa chini namna ile, akaenda polepole na hakumwachia ainame ghafla, implanti nayo ilikuwa imeshika. Akarudia mara ya pili palepale na mara ya pili macho hayakuruka. Usiku ule mama alilala upande wa kulia. Kulikuwa na kuyumbayumba kidogo akitembea kwa kama wiki, ikaisha.

Jino lilivyoendelea

Hapa sina mengi. Miezi 5 baadae tulifungua, kipimo cha uimara kikasoma 72, tukaweka krauni, ile kofia ya jino. Kwenye eksirei ya mwaka mmoja na nusu ule mviringo wa unga umeshuka kidogo na kujibana, jambo la kawaida, ncha ya implanti bado imefunikwa na mfupa. Pua haimsumbui. Anatafunia upande huo.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Uchaguzi wa njia ya ukingoni ulikuwa sahihi na ningerudia. Milimita 5.6, sakafu tambarare, upana wa kutosha, hapo dirisha la pembeni lingekuwa adhabu. Kutibu pua kwanza kulikuwa sahihi. Kusimama mara sakafu ilipoachia na kuacha unga ndo uinue, sahihi pia, na naamini ndo sababu utando haukuchanika.

Kosa la kwanza ni chombo. Osteotomu na mapigo mepesi kwenye mfupa laini kweli ni kitu kimoja, osteotomu kwenye mfupa mgumu wenye sakafu ya milimita 1.5 ni kitu kingine kabisa, na taarifa hiyo nilikuwa nayo miezi 3 kabla, kwenye faili, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sikani tunaisoma kutafuta urefu na utando, unene wa sakafu tunaupita kama mapambo. Ule unene ndo unakuambia utatumia nguvu kiasi gani, na nguvu ndo inayofika sikioni. Siku hizi sakafu ikizidi milimita 1 kwangu nyundo haitoki kwenye droo, nasogea kwa drili ya kuzungusha kinyume au naipunguza sakafu unene kwa ncha ya kutikisika, na pale ninapolazimika kugonga ni mapigo machache, mepesi, msaidizi ameweka mkono kwenye paji la uso kukishikilia kichwa, na tunahesabu kwa sauti. Tukifika 10 bila kitu kusogea tunabadilisha chombo, hata kama mkono wangu unasema bado kidogo.

Neno "tundu dogo" nalo limenidanganya, nadhani linatudanganya wengi. Linapima ukubwa wa kidonda kwenye fizi. Mgonjwa anasikia "dogo" anaelewa hakuna kitakachomsumbua, na daktari akilirudia sana na yeye anaanza kuelewa hivyohivyo. Nikilinganisha mapigo ambayo kichwa cha yule mama kilipokea, dirisha la pembeni lililofunguliwa taratibu kwa ncha ya kutikisika lisingemtikisa kiasi kile, ingawa shavu lingevimba.

Kosa la pili ni historia. Fomu yetu ilikuwa inauliza moyo, kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za mifupa, sigara. Haikuuliza "umewahi kupata kizunguzungu cha kugeuka?" Siku ile kwa daktari wa masikio ndo mama akasema mbele yangu kwamba miaka 2 nyuma aliwahi kupata kama hicho kwa siku kadhaa kikaisha chenyewe. Mtu aliyewahi kupata anakipata tena kwa urahisi, na mwanamke aliyepita miaka 50 yuko kwenye kundi la wanaokipata zaidi. Swali moja, sekunde 5, na ningechagua chombo kingine.

La tatu ndo linaloniuma zaidi, ridhaa. Sikumwambia. Kama angejua kabla kwamba hicho kitu kipo, kinaitwa hivi, kinatibika kwa kugeuzwa kichwa na mtu anayejua, asingekaa usiku 3 ameegemea mito 4 akidhani ana kitu kwenye ubongo. Aliniambia baadae kwamba usiku wa pili alimwita binti yake akamwonyesha karatasi muhimu za nyumba zilipo. Hilo sikulijua wakati nambadilishia dawa ya maumivu.

Na la nne ni simu yenyewe. Niliuliza "unajisikiaje" na "umepima presha", ningeuliza "nini kinakianzisha, kinadumu muda gani, kinaacha chenyewe?" ningeshika jibu. Sasaivi maswali hayo matatu yamebandikwa pembeni ya simu ya mapokezi, na yale mengine ya hatari chini yake, kuona viwili, ulimi mzito, uso kulegea, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kusimama, ukisikia lolote kati ya hayo mgonjwa anaenda hospitali muda uleule na hasubiri daktari wa meno apige. Dada wa mapokezi ameshamtambua mgonjwa mmoja kwa maswali hayo, hakuwa hata wangu, alikuwa wa mwenzangu, kwahiyo hiyo karatasi ni bora kuliko nilivyokuwa mimi siku ile.

Kiti nacho tunakiinua kwa hatua sasa, nusu, tunasubiri dakika 1 au 2, kisha juu. Na mgonjwa akisema "subiri kidogo" namuuliza anasubiri nini.

Upande wa kushoto

Mwezi uliopita amerudi kwa lile pengo la pili. Sikani mpya inaonyesha milimita 4.8 za mfupa, utando mwembamba, sakafu upande huu nyembamba kuliko kulia, na kuna ukuta mdogo wa mfupa nyuma kidogo ya pale tunapotaka kupita, kwahiyo tunasogea mbele milimita 2. Tumepanga drili za kuzungusha kinyume na implanti ya milimita 8, kichwa hakitarudishwa nyuma kupita kiasi hata kama mimi itabidi nikunje mgongo, na daktari wa masikio anamwona wiki moja kabla kuhakikisha mifereji iko safi. Fomu ya ridhaa tuliisoma pamoja mstari kwa mstari, alipofika kwenye kizunguzungu akaweka kidole pale akaniuliza, "Hii mara utagonga?" Nikamjibu hapana mama, nyundo haitakuwepo hata chumbani. Akasaini, alafu akamwambia binti yake aandike kwenye simu namba ya daktari wa masikio.